Nilizika vifaranga 44 kabla sijajua bruda ni nini

Julai ya Ngaramtoni, nje kidogo ya jiji la Arusha, si ya kuchezea. Mlima Meru unajifunika ukungu tangu alfajiri, jua linachungulia saa nane mchana na kuondoka, na kanga uliyoanika asubuhi unaianua jioni bado ina unyevu. Mwezi huo ndio niliouchagua mimi, mwaka 2022, kuanza kufuga kuku. Hakuna aliyenilazimisha. Kikoba kilikuwa kimegawana, nina laki saba na ushee mkononi, cherehani imelala kwa sababu wateja wa sare za shule walishapita, nikajiambia pesa ikikaa bure itaota miguu. Nikaagiza vifaranga 150 wa kuroila, wale chotara wenye asili ya India, kwa shilingi 1,800 mmoja.

Nitaeleza yote na hesabu zake, hata pale nilipofanya ujinga. Wakati ule nilipozunguka kuuliza, kila mfugaji alinionyesha kuku wake wakubwa, wazuri, wanaotaga. Wiki ya kwanza hakuna aliyenisimulia. Sasa najua kwa nini: wengi wanaona aibu.

Nilichokuwa nakiita bruda, yaani kizimba chenye joto cha kulelea vifaranga, kilikuwa maboksi mawili ya friji niliyoomba dukani. Niliyakata nikayaunganisha kwa gundi ya karatasi, yakatoa umbo la mraba kwenye stoo yetu ya nyuma. Chini sakafu ya saruji, juu ya saruji magazeti. Kwenye dari nikaning'iniza taa mbili nyeupe za wati tisa, nilizochagua mwenyewe kwa kuwa muuzaji alisema hazili umeme. Kweli hazikula. Hata joto hazikutoa. Wati tisa ni wati tisa tu. Zile taa mbili zisingempasha joto hata paka mmoja, sembuse vifaranga 150. Lakini stoo iling'aa, nikasimama mlangoni nikajiona mfugaji.

Niliambiwa mzigo utafika Alhamisi. Jumatano saa nane na nusu mchana, nikiwa dukani kwangu Kilombero, pale Arusha mjini, napiga pindo la suruali, simu ikaita. "Mama, vifaranga wako wako ndani ya gari, tumeshapita Same." Nikabaki na suruali ya watu mkononi. Chakula sijanunua, maranda sijachukua, stoo ina baridi ya saruji. Nilifunga duka nikakimbia kwenye dawa za mifugo kununua mfuko wa stata, kile chakula cha kwanza cha vifaranga, na glukosi, na saa kumi na mbili jioni nikawa stendi.

Walikuja kwenye maboksi mawili yenye matundu, 153 kwa jumla, watatu wa nyongeza. Nikachukua bodaboda. Hilo ni kosa ambalo hata leo nikilikumbuka nafumba macho. Kutoka mjini hadi Ngaramtoni, usiku unaingia, upepo unapita kwenye matundu yale ya boksi kama pampu, na mimi nimekaa nyuma nimewapakata nikidhani nimewakumbatia. Siku hizi nalipa teksi au naomba lifti, na boksi nalifunika kitenge chepesi bila kuziba matundu yote.

Tulifika saa moja na nusu. Watoto wangu wawili walikaa kwenye mlango wa stoo kuwaangalia. Vifaranga walilia, lakini kulia kule sikukuelewa. Ilikuwa sauti kali, ya juu, "pyii, pyii, pyii", bila kupumzika, wote kwa pamoja. Mdogo akasema, "Mama, wanaimba." Na mimi nikakubali kwamba wanaimba. Tukala, tukalala, wanaimba. Niliamka saa tisa usiku nikasikia kimya. Nikafurahi kweli. Nikasema hatimaye wamelala, nikajigeuza upande wa pili.

Asubuhi niliwakuta wote kwenye kona moja ya boksi, wamerundikana kama mabaki ya vitambaa chini ya meza ya fundi. Wa juu walikuwa hai, wanatetemeka. Nilianza kuwaondoa mmoja mmoja. Nilipofika tabaka la chini mkono wangu ukagusa unyevu. Walikuwa bapa, manyoya yameloa, macho wazi. Kumi na saba. Baridi iliwafanya watafutane, kona ikawakusanya, wa juu wakawakandamiza wa chini hadi wakakosa pumzi.

Nilikaa pale chini nikalia, na ninasema hivyo makusudi, kwa sababu kuna wanaume wa mtaani waliocheka wakisema "kumbe ni kuku tu". Walikuwa wameanza kuishi jana yake.

Jirani yetu ni bibi wa Kiarusha tunayemwita Koko, kama watu wa huku wanavyomwita bibi. Yeye hajawahi kununua kifaranga wa mashine maishani mwake. Aliposikia, alikuja na shuka lake mabegani, akainama, akachukua kifaranga mmoja, akaweka miguu yake midogo shavuni kwake.

"Huyu ni barafu," akasema.

"Koko, taa ziliwaka usiku kucha."

Akainua uso kuziangalia zile taa zangu, akaziangalia muda mrefu kidogo kuliko nilivyotaka. "Mwanangu, umewahi kumwona kuku akipasha nyumba joto?"

"Hapana."

"Kuku hapashi nyumba. Anapasha watoto. Mtoto akisikia baridi anaingia chini ya bawa, akisikia joto anatoka anakwenda kula. Wewe umewapa nyumba yenye mwanga. Bawa liko wapi?"

Maneno hayo yalipaswa kunitosha. Hayakunitosha, kama mtakavyoona, lakini ndiyo ninayoyarudia kila ninapotengeneza bruda: lazima pawe na mahali pa joto kweli, na papo hapo pawe na mahali pa kulikimbia joto. Kifaranga wa siku moja ana manyoya ya pamba tu, hawezi kujitunzia joto lake mwenyewe, lakini akili ya kuchagua pa kukaa anayo.

Siku hiyo ya pili nilitumia pesa kama mtu aliyeambiwa dunia inaisha. Balbu mbili nyekundu za joto za wati 250, shilingi 18,000 kila moja. Hadibodi mbili za futi nane kwa nne, 18,000 kila moja, fundi akazipasua katikati kwa urefu nikapata vipande vinne vya futi mbili kwenda juu. Vitatu ukivikunja na kuvifunga kwa waya vinatoa duara la karibu mita mbili na robo kutoka upande hadi upande, linalowatosha vifaranga 150 kwa wiki ya kwanza. Watu wa mifugo wanakadiria vifaranga 50 kwa mita moja ya mraba mwanzoni. Kipande cha nne unakiongeza wanapokua. Duara halina kona, na kwa hiyo hakuna pa kurundikana. Nilijiuliza kwa nini sikuwaza hivyo mapema, mimi ambaye kila siku nakata duara la shingo ya gauni.

Magazeti niliyatoa. Yanateleza, na kifaranga akiteleza siku zake za kwanza miguu inachanua kama mkasi, na mara nyingi hairudi tena. Nilipoteza wanne kwa sababu hiyo, hawakuweza kusimama kufika kwenye maji. Badala yake nilimwaga maranda ya seremala, unene wa vidole vinne. Chukua maranda, si lile vumbi laini la mbao. Vumbi wanalila wakidhani ni chakula.

Balbu zikafanya kazi. Kwa siku moja na nusu nilikuwa na raha. Kitu kimoja tu kiliniuma, luku: balbu mbili za wati 250 zikiwaka saa 24 zinakula yuniti 12 kwa siku. Mume wangu aliingia ndani akaangalia mita, akatoka, hakusema kitu. Ndoa yetu ni nzuri.

Ijumaa usiku, saa tano, umeme ukakatika.

Hapa ndipo nataka msome polepole. Nilikuwa na hofu ya baridi. Kumi na saba walikuwa bado wako kichwani mwangu. Nikawasha jiko la mkaa nje, nikalipuliza hadi moshi ukaisha kabisa, makaa yakawa mekundu, nikaliingiza stoo nikaliweka pembeni ya bruda. Kisha nikafanya kila ambacho mtu mwenye hofu anafanya. Nikapachika blanketi dirishani. Nikakunja gunia nikaziba chini ya mlango. Nikakaa humo ndani na vifaranga wangu, nikiwa nimejifunika, na joto likapanda vizuri, nikasema asante Mungu.

Kama saa saba hivi kichwa kilianza kugonga. Nikadhani ni usingizi. Baadaye tumbo likachafuka, nikasimama, magoti yakanilegea kama mtu aliyekunywa. Kilichonitoa mle ndani si akili. Mtoto wangu mdogo aliamka analia ananitafuta, nikaenda kumbembeleza, nikaanguka kitandani na nguo zangu zote.

Asubuhi walikuwa wamekufa tisa. Na safari hii hawakurundikana. Walikuwa wamelala mmoja mmoja, wametawanyika vizuri, shingo zimenyooshwa juu ya maranda, kama wamesinzia. Ndiyo maana nilimwita bwana mifugo, nikidhani ni ugonjwa.

Alifika, akaliona jiko, akaliona blanketi dirishani, hakuhitaji kumpasua hata mmoja. "Mama, ulilala wapi?"

"Nilikaa humu hadi saa nane, kisha nikaenda ndani."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Nenda kamnunulie soda yule mtoto aliyekuita."

Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina rangi wala harufu. Watu wengi, mimi nikiwamo, tunadhani moshi ukiisha hatari imeisha. Kumbe makaa mekundu yasiyo na moshi hata kidogo yanaendelea kuitoa, na chumba kikizibwa inajaa taratibu bila wewe kujua. Inaua vifaranga, inaua na watu. Kila mwaka wakati wa baridi huku tunasikia habari za familia waliolala na jiko ndani. Nilizisikia nikasikitika, nikazima redio, nikafanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo mkaa unatumika hivi, kama ni lazima utumike, na kwa wengi wetu ni lazima. Juu ya dirisha la stoo pana nafasi ya wazi kama kiganja kwa upana wote, na haizibwi, hata iwe Julai. Upepo unauzuia kwa hadibodi za bruda zilizo chini, usawa wa kifaranga, wala si kwa kuziba chumba. Na binadamu halali mle. Mimi natumia chungu cha udongo kilichotobolewa kando, naweka makaa yaliyokwisha kushika vizuri, nafunika kwa majivu ili yaungue polepole, na chungu kinakaa juu ya matofali matatu katikati ya bruda, kimezungukwa na wavu ili asiwepo wa kukigusa. Udongo ukishapata moto unahifadhi joto muda mrefu kuliko bati la jiko. Hilo ndilo bawa la Koko. Wanakizunguka, wanapata joto, wanaondoka.

Umeme ukiwapo natumia balbu na chungu kinasubiri. Balbu naining'iniza kwa mnyororo, kama nusu mita juu ya maranda, ili niweze kuipandisha. Nilinunua na kipimajoto cha shilingi 8,000. Wiki ya kwanza wanahitaji nyuzi 32 hadi 35, kisha unashusha kama nyuzi tatu kila wiki, hadi wiki ya nne au ya tano ambapo wameshaota manyoya. Kipimajoto kinawekwa chini, usawa wa mgongo wa kifaranga. Mimi mwanzoni nilikitundika ukutani usawa wa macho yangu, kikanisomea joto la uso wangu.

Lakini ukweli ni kwamba sasa nakiangalia kipimajoto mara moja kwa siku, vifaranga nawaangalia mara kumi. Wakijibana chini ya taa na kulia ile sauti kali, wana baridi. Wakikimbilia ukingoni, midomo wazi, mbawa zimeachama, wamezidiwa na joto, pandisha taa au punguza makaa. Wakijazana upande mmoja tu, usiguse taa, tafuta upepo unakoingilia. Mimi niliupata kwenye tundu la bomba la maji nililokuwa nimelisahau. Wakitawanyika kila mahali, huyu anakula, yule kalala ubavu na mguu mmoja umenyooka nyuma, waache. Na sauti inakuwa nyingine kabisa, ya chini, ya kuguna guna, kama wanawake wanaochambua mchele wakizungumza. Ukiisikia mara moja huisahau.

Jambo jingine alilonifundisha bwana mifugo ni kuwapapasa gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Kesho yake baada ya kuwapokea, shika kumi au ishirini usiku wakiwa wametulia. Gole likiwa limejaa na laini kama uji mzito, amekula na amekunywa. Likiwa gumu, amekula bila maji. Likiwa tupu, hajajua chakula kiko wapi au amebanwa na baridi hata hana hamu ya kukitafuta. Ni njia ya bei rahisi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Maji yalinitia hasara nyingine ndogo, watatu walizama kwenye sahani. Ndiyo, sahani. Kifaranga anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha kidole, anapanda, analowa, anaganda. Nikaweka kokoto safi siku hiyo, na baadaye nikanunua vile vyombo vya plastiki vya kupindua, vinne kwa 5,000 kila kimoja. Saa za kwanza wape maji vuguvugu yenye glukosi kabla ya chakula, na wale wanaoonekana wamechoka chovya mdomo wao mara moja. Kifaranga anatoka kwenye yai na akiba ya kiini tumboni inayoweza kumfikisha hata siku mbili, ndiyo maana anasafiri kutoka Dar hadi Arusha bila kula. Akiba ile si ruhusa ya kuchelewa. Chakula mimi nakimwaga kwenye trei za mayai za karatasi siku tatu za mwanzo, wanakanyaga, wanadonoa, wanajifunza; trei ikichafuka naitupa.

Halafu mkague nyuma. Kinyesi kikigandamana pale kwenye tupu kikaziba, hawezi kutoa haja na atakufa. Unalowesha pamba kwa maji vuguvugu, unakilainisha, unakitoa bila kuvuta, unamkausha. Nilikaa na kopo langu na pamba jioni kadhaa, binti yangu ananishikia tochi ya simu. Kazi haipendezi. Wengi wanakuwa hivyo kama walipata baridi mwanzoni, na wangu walikuwa wamepata.

Panya walichukua watano usiku mmoja wa wiki ya pili. Nilifunika bruda kwa wavu wa matundu madogo, ikaisha. Sina zaidi la kusema kuhusu panya.

Chanjo nilizifuata kwa tarehe, hapo najisifu: kideri siku ya saba, gumboro siku ya 14, kideri tena siku ya 21, gumboro tena siku ya 28. Ile ya siku ya kwanza ya mahepe wanachomwa hukohuko wanakototoleshwa, uliza kabla ya kulipa. Kwa chanjo za kwenye maji, waondolee maji kama saa moja na nusu ili wawe na kiu, tumia maji yasiyo na dawa ya kusafishia, na wayamalize ndani ya saa mbili. Kopo la chanjo nililibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu kutoka dukani, watu kwenye daladala wakidhani nimebeba chai.

Kilichonipiga wiki ya tatu ni uvivu. Maranda yalilowa kuzunguka vyombo vya maji, yakatoa harufu ile inayochoma macho, nikasema nitabadilisha Jumapili. Kabla ya Jumapili nikaona kinyesi chenye damu. Kuhara damu kunapenda unyevu na joto, na bruda ina vyote. Duka la dawa za mifugo walinipa dawa ya amprolium ya kuchanganya kwenye maji, nikatoa maranda yote siku hiyohiyo, lakini sita walikuwa wameshakwenda. Sasa vyombo vya maji nimeviinua juu ya vipande vya matofali, usawa wa mgongo wao, na kila asubuhi nachota maranda yaliyolowa kwa koleo dogo. Ukiinama usawa wao na macho yako yakawasha, wao wanaokaa humo usiku kucha wanaumia zaidi.

Sasa pesa. Vifaranga 270,000. Usafiri wa maboksi kwenye basi 10,000. Stata mifuko miwili, 82,000 kila mmoja, 164,000. Mkaa gunia moja na nusu, 75,000. Umeme kama 45,000. Dawa na chanjo 38,000. Jumla 602,000, na hapo sijahesabu 100,000 ya balbu, hadibodi, vyombo vya maji na kipimajoto, kwa kuwa vile ninavyo hadi leo. Kati ya 153 walionifikia, 109 ndio waliotimiza mwezi mmoja. Gawanya: 5,523 kwa kila mmoja. Mtaani kwetu wakati ule kifaranga wa mwezi mmoja alikuwa anauzwa 5,000.

Niliuza sitini ili nipate pesa ya chakula cha waliobaki, na kila aliyeondoka nilimsindikiza na shilingi mia tano zangu. Kikoba kilipouliza biashara inaendaje nilisema inaendelea vizuri. Nilidanganya watu ninaokula nao kila mwezi, kwa sababu ya kuku.

Mara ya pili nilisubiri hadi Februari. Stoo ileile, dada yangu akiwa amekuja kutoka Moshi akinicheka kwamba kwao kule chini ya Mlima Kilimanjaro hawahangaiki na baridi kama sisi. Nilichukua 100 tu. Siku moja kabla, niliwasha kila kitu, nikaacha joto liingie kwenye maranda hadi chini kwenye saruji, kwa sababu maranda ya juu yanaweza kuwa na joto na ya chini yana baridi ileile ya usiku, na miguu yao inakanyaga hapo. Maji niliyaweka saa chache kabla yapoteze ubaridi. Walipofika nilizima taa ya sebuleni, nikafunga mlango wa watoto, nikakaa kimya nikisikiliza. Nilipoteza wanne kati ya 102. Februari nayo ina lake. Mchana wa siku ya tano niliwakuta wote wamejipanga ukingoni midomo wazi, nikazima balbu zote mbili mchana kutwa. Nisingewaangalia wao, kipimajoto kilichokuwa kimeanguka chini ya trei kisingeniambia.

Sasa ni Julai tena. Nimechagua mwenyewe tena, kwa sababu wanaolelewa Julai wanafikia uzito mzuri Desemba, na Desemba Wachaga wanapopanda kwenda kwao kuku wanauzika vizuri. Koko amepita jioni, amechungulia, amegusa maranda kwa kiganja, ameondoka bila kusema neno, na kwa Koko hiyo ni sifa kubwa.

Nimekaa nje ya mlango wa stoo, juu ya ndoo iliyopinduliwa. Juu ya dirisha pako wazi. Kipimajoto kinasoma 33. Chungu kina makaa tayari chini ya majivu, maana leo umeme umeshakatika mara moja. Binti yangu, aliyenishikia tochi mwaka ule, amepanga trei za mayai kwa mstari kisha akazipangua akaziweka mduara.

Konda amepiga simu. Wako Boma Ng'ombe.